Pampu Kwanza

Jumamosi, 1 Juni

Saa tatu asubuhi kipimajoto cha bwawa kimesoma digrii 17. Watoto wamefunga shule jana. Mkubwa amezamisha mguu mmoja, akautoa, akarudi ndani kuangalia katuni. Mdogo ametazama yaliyompata kaka yake, akamfuata.

Bwawa letu ni lile la kusimamisha juu ya ardhi: fremu za chuma, ukuta wa plastiki nene, kipenyo mita 4.57, kimo mita 1.22. Likijazwa inavyotakiwa linabeba lita 16,800 hivi. Tulilinunua kwa mgeni aliyemaliza mkataba na kurudi kwao. Alituachia pia ngazi, wavu wa kuopolea majani na pampu ndogo yenye kichujio cha karatasi, inayosukuma lita 3,785 kwa saa, yaani galoni 1,000 za Kimarekani. Mabwawa haya yalitengenezewa watu wenye kiangazi cha joto. Sisi tuko Njiro. Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na msimu huu wingu la Mlima Meru linaweza kukaa juu ya mji hadi adhuhuri. Ndugu zetu wa Dar es Salaam wakija Juni huomba blanketi la pili kabla hawajaulizia chakula.

Mbali na baridi, maji yana ukijani. Nimelitafakari suala hili kwa kikombe kizima cha chai na kufikia uamuzi: pampu kubwa kwanza, kisha hita. Mke wangu ameniwekea na tarehe ya mwisho. Siku ya Saba Saba amewaalika wanakikoba wenzake pamoja na watoto wao. Ameuliza pia kile kichujio cha karatasi kimeoshwa lini. Nimemweleza kwamba tatizo hapa ni nguvu ya pampu.

Jumatatu, 3 Juni

Shemeji amewasili kutoka Houston kwa likizo. Kwenye sanduku lake, katikati ya viatu vya watoto na vitamini za mama yake, mlikuwa na pampu ya hospawa moja na nusu, mpya, ndani ya boksi lake. "Shem, hii ndiyo pampu," amesema. "Kule Texas kila nyumba inayo." Nimemshukuru kwa dhati.

Fundi umeme angekuja kesho, lakini shemeji hana tabia ya kuahirisha. Ametoa adapta ya plagi mfukoni, akachomeka. Pampu imefanya kazi. Imefanya kazi kwa muda wa kutosha mtu kusema "umeona?", kisha ikatoa moshi mwembamba wa rangi ya buluu, na breka ya nyumba nzima ikaanguka. Mke wangu alikuwa anapiga pasi sare za kwaya. Harufu imekaa sebuleni hadi taarifa ya habari ya saa mbili.

Jumanne, 4 Juni

Fundi umeme amepiga magoti, akapangusa kibao cha mota kwa kidole gumba, akasoma kwa sauti: volti 115, hezi 60. Kisha akakisoma tena taratibu zaidi, safari hii akimtazama shemeji.

Ametueleza kwamba umeme wetu ni volti 230, hezi 50. Hata kama tungeweka transfoma ya kushusha volti, hezi zisingebadilika. Mota iliyoandikwa mizunguko 3,450 kwa dakika ingezunguka 2,875 hivi, na msukumo wa maji ungeshuka nayo. Shemeji amesema kule Texas pampu hiyo haina tatizo lolote. Fundi amekubali kwamba kule Texas haina.

Jumamosi, 8 Juni

Pampu nyingine imekuja na basi kutoka Dar es Salaam. Hospawa moja na nusu, volti 230, hezi 50. Pamoja nayo limekuja chujio la mchanga, tangi la plastiki lenye kipenyo cha sentimita 40 na mpini wa valvu juu yake. Maji machafu yanaingia juu, yanapita kwenye mchanga, yanatokea chini yakiwa safi. Linahitaji mfuko mmoja wa kilo 50 wa mchanga wa silika uliochekechwa, punje za takriban nusu milimita. Mchanga huo haukuja na basi.

Fundi bomba amesema mchanga si kitu cha kusubiri kutoka Dar. Ametoka na toroli, akarudi nayo imejaa. "Huu ni wa mtoni, bosi, hauna udongo. Tumepigia plasta kanisa zima." Ameumimina kwenye tangi, akafunga, akawasha.

Ndani ya nusu saa mchanga wote laini ulikuwa umepita chujio na kutua chini ya bwawa, umesambaa vizuri kabisa. Mdogo ameingia kwa hiari yake kwa mara ya kwanza mwezi huu. Amesema sasa tuna bichi.

Jumapili, 9 Juni

Tumeshinda kutwa tukiutoa mchanga. Fundi bomba hakuweza kuja, yuko kanisani. Nimetamani kujua plasta yao inaendeleaje.

Jumatano, 12 Juni

Mchanga wa silika umefika. Umekuja ndani ya mfuko wenye maandishi, jambo ambalo fundi bomba amelitazama kwa mashaka. Umemiminwa, umesuuzwa, na sasa imebaki kuunganisha mipira tu.

Matundu ya bwawa ni ya mipira ya milimita 32. Pampu mpya na chujio lake ni za milimita 38. Zipo adapta za kuunganisha saizi hizi mbili, na zinauzwa. Haziuzwi Arusha siku ya Jumatano. Fundi bomba ametoa kwenye begi lake tredi tepu, klipu za chuma na mkanda mrefu wa tyubu ya baiskeli, dawa anayoiamini kwa kila kinachovuja. Ameuzungusha ule mkanda kwenye maungio, ameuvuta kwa meno, ameufunga kwa klipu. Kazi ilikuwa nadhifu. Shemeji alisimama karibu akirekodi video ya kuwatumia jamaa wa Houston waone namna watu wanavyobuni.

Maungio yameshika vizuri hadi pampu ilipowashwa. Mkanda umeruka ukapita juu ya paa la banda la kuku. Maji yamempata fundi kifuani, kisha kanga zilizokuwa kwenye kamba, kisha simu ya shemeji. Video inaonyesha sekunde chache za kazi nzuri, halafu anga.

Jumamosi, 15 Juni

Adapta zimekuja. Hakuna kinachovuja. Pampu imewashwa na maji yanazunguka kwa kasi inayoonekana kwa macho. Nimesimama kuyaangalia mikono ikiwa nyuma.

Kabla ya saa sita kaptula ya mdogo imeanguka kutoka kwenye kamba hadi bwawani, ikasafiri moja kwa moja hadi kwenye tundu la kuvutia maji, ikanata hapo. Mkubwa ameshindwa kuibandua. Shemeji ameshindwa kuibandua. Imebanduka pampu ilipozimwa. Mke wangu ameangalia tukio zima bila kusema neno, kisha akatoa amri: hakuna mtoto kuingia majini pampu ikiwa inafanya kazi mpaka tundu liwekewe kifuniko cha wavu kipana. Kifuniko kimeagizwa. Basi la Dar sasa linatufahamu. Kondakta ameniita kwa jina.

Pamoja na nguvu zote hizo, jioni maji bado yana ukijani. Fundi umeme, ambaye hakuwa ameulizwa, ametoa hesabu. Chujio la sentimita 40 linataka maji yasiyozidi mita za ujazo sita hivi kwa saa. Pampu yetu ina uwezo wa zaidi ya mara mbili ya hapo. Maji yakipita kwa nguvu hiyo yanachimba njia katikati ya mchanga na kupita na uchafu wao. Fundi bomba amekwenda kwenye valvu, akaibana. Kwa hiyo tuna pampu ya hospawa moja na nusu inayopumulia tundu la sindano, na maji yameanza kutakata.

Jumanne, 18 Juni

Majani ya mparachichi yamejaa kwenye kikapu cha pampu. Shemeji amejitolea kukisafisha. Amezima umeme kwanza, hatua aliyoitangaza kwa sauti ili isikike hadi jikoni. Kisha akafungua kifuniko.

Pampu ya bwawa la namna hii inakaa chini, bwawa liko juu. Usipofunga valvu za mipira, maji hayahitaji umeme kutoka. Yametoka. Shemeji amejaribu kurudisha kifuniko, lakini msukumo ulikuwa na maoni tofauti. Mkubwa ndiye aliyekumbuka kukunja mpira kwa mikono miwili na kuukalia.

Maji yamefuata mteremko wa kiwanja na kuingia kwa jirani yetu, mwalimu mstaafu, kwenye matuta yake ya mchicha. Nimevuka kwenda kumwona.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Naona leo mmenimwagilia."

"Samahani sana, mwalimu. Ni ajali ya kifuniko."

"Yana klorini?"

"Kidogo, mwalimu."

"Basi mchicha utakuwa salama kwa kipindupindu," amesema, akarudi kwenye redio yake.

Alhamisi, 20 Juni

Geji ya chujio imepanda. Maana yake mchanga umejaa uchafu na unatakiwa kuoshwa kwa kuyageuza maji yapite kinyume, kutoka chini kwenda juu, na uchafu utoke kwa bomba la pembeni. Kwenye valvu kuna mpini wenye nafasi sita: kuchuja, kuosha, kusuuza, kumwaga, kuzungusha, kufunga. Kwenye mpini huohuo kuna kibandiko chenye picha ya mkono na alama ya X, kikikataza mtu kuuzungusha pampu ikiwa inafanya kazi.

Jana jioni fundi bomba aliuzungusha pampu ikiwa inafanya kazi. Umetoa mlio mfupi. Gasketi ya ndani imechanika, na usiku kucha maji yamekuwa yakitoka polepole kwa bomba la pembeni bila mtu kujua. Asubuhi kina kilikuwa kimeshuka shubiri mbili. Tumeita boza la maji. Dereva wa boza amelitazama bwawa, akauliza tunafuga nini.

Mwalimu amepata tena sehemu yake. Safari hii alikuwa ameshachimba kamfereji.

Ijumaa, 21 Juni

Gasketi imeagizwa.

Fundi bomba ameuliza ile pampu ndogo ya zamani ina kazi gani sasa. Nimemwambia haina. Amesema ana kabwawa ka sato nyumbani kwake Usa River, maji yamechafuka, angeomba aichukue na tukate kwenye ufundi. Tumekata shilingi 40,000. Ameifunga nyuma ya bodaboda kwa mpira. Nilimhurumia kidogo.

Jumamosi, 22 Juni

Pampu imekaa sawa, sasa ni zamu ya joto. Tumeanza na jua kwa sababu jua halina Luku. Fundi bomba ametandaza mita 100 za mpira mweusi juu ya mabati, akauzungusha mduara ndani ya mduara. Maji yapande, yapate joto, yarudi. Fundi umeme ameweka taima ili pampu ijiendeshe yenyewe. Tumekubaliana mbele ya mashahidi: saa nne hadi saa kumi, muda ambao jua lina nguvu.

Jumatatu, 24 Juni

Leo nimeamshwa saa kumi alfajiri na mlio wa pampu. Nimedhani ni ndoto, nikalala tena. Saa tatu asubuhi kipimajoto kimesoma digrii 15.

Fundi umeme ameitwa. Amefungua kijisanduku cha taima na kutuonyesha kwa fahari: 4 hadi 10, kama tulivyosema. Taima hiyo inaanza kuhesabu usiku wa manane, kama walivyo watengenezaji wake. Sisi wengine tunahesabu tangu kuche. Kwa siku mbili pampu imekuwa ikiyapandisha maji juu ya mabati kuanzia alfajiri, baridi ikiwa kali kuliko muda wote, ikiyapitisha kwenye mita 100 za mpira na kuyarudisha bwawani yakiwa yamepoa vizuri. Shemeji amesema kule Texas kuna watu wanalipia huduma hiyo mwezi wa nane.

Taima imehamishiwa 10 hadi 16. Wingu limefunguka saa saba na nusu mchana. Jioni: digrii 17. Tumerudi tulipoanzia, ila sasa tuna mpira juu ya nyumba.

Jumatano, 26 Juni

Nimenunua hita ya umeme ya kilowati tatu. Ni bomba fupi lenye waya wa joto ndani, linaunganishwa baada ya chujio, na dawa ya klorini inatakiwa iingie baada yake ili isiile. Kabla ya kuunganisha, fundi umeme amekaa kwenye kigoda na kuandika nyuma ya risiti. Kupandisha lita 16,800 kwa digrii moja kunataka karibu uniti 20. Hita yetu inatoa uniti tatu kwa saa. Kwa hiyo digrii moja ni saa sita na nusu. Kutoka 17 hadi 27 ni uniti 195, ikiwa maji hayatapoteza joto lolote njiani.

"Na yatapoteza?" ameuliza mke wangu.

"Lazima yapoteze, mama," amesema fundi, akaikunja risiti na kunikabidhi mimi.

Amechimbia ethi mpya karibu na bwawa na kuweka breka nyeti inayokata umeme mara tu unapovuja. Kwenye maji na umeme hana utani, na kwa kazi hiyo nimemlipa bila kuomba punguzo.

Alhamisi, 27 Juni

Hita haiwaki. Taa nyekundu. Ndani yake kuna swichi inayopima mkondo wa maji; maji yakipita kidogo mno hita inakataa kuwaka ili isijiunguze. Maji yanapita kidogo kwa sababu fundi bomba aliibana valvu.

Fundi umeme ameifungua valvu. Hita imewaka, na ukijani umeanza kurudi. Fundi bomba ameibana. Maji yametakata, hita imezima. Wamekwenda hivyo kwa muda, kila mmoja akingoja mwenzake ageuke. Mke wangu ametoka na kueleweshwa kwamba tunaweza kupata maji safi ya baridi au maji machafu ya uvuguvugu. Ameuliza kama kuna la tatu.

La tatu limepatikana jioni kwa kusogeza mpini wa valvu kidogo kidogo huku mtu mmoja akiangalia geji na mwingine taa. Ilipofika mahali ambapo taa ni ya kijani na geji imetulia, mke wangu amechora mstari kwenye mpini kwa rangi yake ya kucha, nyekundu, na kutangaza kwamba atakayeugusa atafua pazia zote za nyumba hii.

Jumapili, 30 Juni

Jana jioni: digrii 22. Leo alfajiri: 19. Hizo digrii tatu ni uniti 60 zilizokwenda angani usiku mmoja. Nimesimama kando ya bwawa saa kumi na mbili na kuziona zikiondoka. Mvuke ulikuwa mwingi na ulipendeza.

Luku imeanza kulia tukiwa mezani. Hita ikiwa imewashwa, hatuwezi kutumia jagi la umeme na pasi kwa pamoja. Mkubwa amejifunza kusoma mita na sasa anatangaza uniti zilizobaki kila anapopita ukumbini, bila kuombwa.

Jumanne, 2 Julai

Majani ya mparachichi yamezidi. Fundi bomba, aliyechoka kufungua kikapu, amechukua turubai letu la kuanikia mahindi na kulifunika bwawa lote, akalifunga kwa kamba kwenye nguzo za fremu. "Usiku tu, bosi, majani yasiingie. Mchana mnalitoa." Nimemruhusu.

Maji yalikuwa digrii 22 wakati wa kufunika. Saa nne usiku uniti zimekwisha. Wakala wa karibu alikuwa amefunga, na salio langu la simu lilikuwa kwa shemeji. Tumelala bila umeme, hita ikiwa imezima.

Jumatano, 3 Julai

Alfajiri: digrii 21.

Nimesoma mara mbili. Yameshuka digrii moja tu, na hita haikuwaka usiku kucha. Wamekuja wote kuangalia. Fundi umeme amesema hita nzuri huacha joto ndani ya maji. Fundi bomba amesema ni msukumo, maji yaliyozungushwa vizuri hayapoi haraka. Shemeji amesema ni ule mpira wa juu ya mabati, ambao yeye aliuunga mkono tangu mwanzo. Kila mmoja amenikumbusha kwa upole salio la malipo yake, shemeji akimaanisha simu.

Turubai halikuwa na mtu wa kulisemea. Lilikuwa limekunjwa chini ya mparachichi, upande wa ndani ukichuruzika maji ambayo siku nyingine yangeondoka kama mvuke pamoja na joto lake.

Mke wangu amesoma kipimajoto, akatazama turubai, akaingia ndani kuandika kwenye daftari lake la matumizi. Safu ya "hita" ina ukurasa wake. Nimeona ameandika mstari mmoja chini kabisa: turubai, sifuri.

Ijumaa, 5 Julai

Turubai linafunikwa jioni na kutolewa jua likitoka. Digrii 25. Nimewaambia watoto kwamba teknolojia inataka subira.

Jumapili, 7 Julai, Saba Saba

Digrii 26, maji maangavu, kifuniko cha wavu kimefungwa kwenye tundu. Wanakikoba wamefika saa sita. Walikuwa wametoka saluni. Wamelizunguka bwawa, wamelisifia, wamepiga picha zenye bwawa nyuma yao, kisha wakahamishia viti kwenye jua, mbali na maji yanayoruka. Mtunza hazina amezamisha vidole viwili na kuuliza uniti ngapi. Mke wangu amemwambia pilau iko tayari.

Watoto ndio walioingia, wote kwa pamoja, na kiasi kikubwa cha maji kikatoka kwa upande wa mwalimu. Saa nane mtu wa jikoni amechomeka jagi la umeme bila kuuliza. Breka imeanguka, muziki umekatika, na hakuna aliyegundua kwamba hita nayo imezima. Maji yamebaki digrii 26 hadi jioni. Pilau ilikuwa ya mkaa.

Shemeji anaondoka kesho. Ameniahidi kwamba akirudi mwakani atanitafutia mashine ya kutengeneza klorini kwa chumvi. Nimemwomba anitumie kwanza picha ya kibao.

Jumamosi, 13 Julai

Tumekwenda Usa River kumlipa fundi bomba salio lake. Ametuonyesha kabwawa kake. Maji yanaonekana hadi chini; unaweza kuhesabu mapezi ya sato. Pampu yetu ya zamani imekaa juu ya tofali mbili ikifanya kazi bila kelele.

"Umeibadilisha nini?" nimemuuliza.

"Sijabadilisha kitu, bosi. Kile kichujio cha karatasi nakitoa kila jioni, nakipiga maji ya mpira. Kilikuwa kimeganda uchafu kweli."

Mke wangu alikuwa anaangalia samaki. Aliendelea kuwaangalia kwa muda mrefu kuliko walivyostahili. Tumenunua kilo mbili.

Jioni mwalimu amebisha geti. Mchicha wake mwaka huu umenawiri, amesema, na ameniletea fungu. Kisha akafika kwenye jambo lenyewe. Wajukuu wa Dodoma watakuja Desemba, na mwanawe ameahidi kumnunulia bwawa dogo la kusimamisha kama letu. Yeye ni mtu wa jiografia, mambo ya mashine hayajui, na katika mtaa huu ameona mimi ndiye mwenye uzoefu. Ameuliza, kwa mtu anayeanza, cha kwanza kabisa kuzingatia ni nini.

Nimemkaribisha kiti. Nimemwambia asihangaike na ile pampu ndogo inayokuja na bwawa. Aanze na pampu kubwa, mengine yatafuata yenyewe.